Je, Safari za Sayari ni Fedha Kutupwa?

Wako watu wasemao kwamba kupeleka vyombo kwenye sayari ni kutupa fedha mbinguni, na hali duniani wamo watoto walalao na njaa. Neno hilo si la kipuuzi, maana njaa haina mzaha. Lakini mimi silikubali, na shahidi wangu ni Zuhura, ile nyota kubwa tuionayo mara alfajiri, mara magharibi.

Zamani wataalamu wengine walidhani kwamba chini ya mawingu ya Zuhura kuna maji na misitu, kwa kuwa ukubwa wake wakaribia ule wa dunia yetu. Darubini hazikuweza kuyapenya mawingu hayo. Mwaka 1962 chombo cha Wamarekani, Mariner 2, kilipita karibu nayo, na vipimo vyake vikaonyesha joto kali. Mwaka 1970 chombo cha Wasovieti, Venera 7, kilitua na kuleta habari kutoka huko chini. Vingine vilivyotangulia vilinyamaza njiani au vilipondwa na uzito wa hewa. Hata Venera 13, mwaka 1982, ilidumu dakika 127 tu. Joto la huko ni kama digrii 460, nalo latosha kuyeyusha risasi.

Sababu ni nini? Si ukaribu wa jua peke yake, maana Utaridi iko karibu zaidi, lakini Zuhura yaishinda kwa joto. Hewa ya Zuhura karibu yote ni hewa ya ukaa, ambayo huacha mwanga wa jua uingie, kisha huzuia joto lisitoke, mfano wa blanketi. Hewa hiyo hiyo hutoka katika magari, viwanda na misitu tuichomayo, nayo yazidi kuongezeka duniani. Sisemi kwamba dunia itakuwa kama Zuhura. Lakini joto likizidi hata kidogo mvua hubadilika, na mkulima asiye na gari wala kiwanda huumia kabla ya wenye navyo. Basi elimu hii yamhusu hasa yule mwenye njaa.

Wenzangu, wengi wetu twaikimbia Fizikia tukidai kwamba mambo hayo ni ya Wazungu. Vyombo vile vilitengenezwa na watu waliokaa darasani, wakakosa hesabu, wakazirudia. Nasi tujifunze, tuipime mvua na hewa yetu wenyewe. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Zuhura imekwisha kunyolewa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne