Jini wa Kwato Simtaki

Orodha zimeanza kuzunguka tena. Unafungua simu asubuhi, mahamri hata hayajatoka mafutani, unakutana na filamu za kutisha, za ajabu na za sayari za mbali ambazo ati lazima uzisubiri: kumi, ishirini, hamsini, kila moja na trela yake. Vijana wa Kibokoni wanazijua kwa tarehe kama wanavyojua ratiba ya ligi ya Uingereza. Mimi pia nazisoma. Sina ugomvi na orodha. Ugomvi wangu ni kwamba anayezitunga hajiulizi swali la kwanza kabisa: katika filamu hii, ni nani tunayeambiwa tumuogope?

Tuanze na za wenzetu. The Odyssey ya Christopher Nolan imepangiwa Julai 2026, na hiyo nitaiendea bila kusukumwa. Baharia anayetangatanga miaka kumi, mazimwi visiwani, upepo unaogeuka ghafla: mji uliokula kwa majahazi na kuhesabu miezi yake kwa kaskazi na kusi hauhitaji kufafanuliwa hapo. Dune ya tatu, ya Denis Villeneuve, inatarajiwa Desemba mwaka huo huo. Frank Herbert, aliyeandika kitabu, alichota maneno ya Kiarabu na ya dini akayamwaga kwenye jangwa la sayari yake: Mahdi, Lisan al-Gaib. Huko kwingine mtu anaweza kudhani ni lugha ya kubuni. Mtoto aliyepita madrasa za Mji wa Kale anaijua "ghaibu" bila kusoma maandishi chini ya skrini, na nadhani anang'amua upesi kwamba hadithi nzima inatutahadharisha na masihi wa kutengenezwa. Anayeogopewa pale ni shujaa mwenyewe. Nendeni mkaitazame.

Ya tatu ni Children of Blood and Bone, iliyoongozwa na Gina Prince-Bythewood kutoka riwaya ya Tomi Adeyemi ya mwaka 2018, na imewekewa Januari 2027. Humo wenye asili ya uchawi wanatambulika kwa nywele nyeupe, na kwa nywele hizo wanawindwa na kudhalilishwa na mfalme. Naomba uiweke akilini hiyo ya nywele nyeupe. Nitaihitaji.

Kuna na moja ya zamani ambayo siwezi kuiruka. Jordan Peele alipotoa Get Out mwaka 2017, alimwambia Michael Abels amtungie wimbo wa mwanzo, na wimbo ule, "Sikiliza kwa Wahenga", uliimbwa kwa Kiswahili. Sauti zinamuonya kijana mweusi aondoke kule anakokwenda. Mmarekani alisikia mnong'ono wa kumsisimua mwili tu. Sisi tulisikia onyo. Peele angeweza kuifanya lugha yetu kuwa sauti ya mashetani, kama ilivyozoeleka, lakini aliwapa wahenga. Hatari iko kwa wenyeji wenye tabasamu na nyumba nzuri.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo kisu kinapogusa mfupa.

Kila ninaposikia kijana wa Kenya akisema anataka kutengeneza filamu ya kutisha ya Mombasa, najua kinachofuata. Mwanamke mrembo, buibui jeusi, udi unanukia. Mwanamume wa bara kaja likizo, kakutana naye usiku, wanaondoka pamoja. Akitazama chini, lahaula, kwato! Mkenya gani hajasimuliwa hii? Ukisema unatoka Mombasa, kuna mtu Nairobi atakuchungulia miguu kwanza, kisha atacheka. Dada zetu wamechekwa hivyo mabwenini na maofisini mpaka wamezoea kucheka pamoja na wanaowacheka.

Hebu tuipasue hadithi hiyo kama papai. Anaogopa nani? Mwanamume aliyeshuka Pwani kufanya asiyoweza kufanya kwao. Anamuogopa nani? Mwanamke wa Kiislamu, mwenyeji, aliyejifunika. Kile kwato ni dhamira ya bwana yule imemfuata mpaka ufukweni. Mtunzi mwenye akili angeitengeneza filamu hiyo juu yake yeye, na pengine ningeitazama. Lakini sivyo inavyotungwa. Inatungwa ili tumuogope mwanamke.

Nitaambiwa: "Lakini nyinyi wenyewe ndio wenye hadithi za majini." Naam, tunazo, tena tele. Lakini zitazame zilivyo. Pepo wa Pwani ana kabila na lugha yake. Kuna wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kimasai. Akimpanda mtu haendi kuchomwa moto. Anaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, wataka nini? Naye anajibu, anataka marashi, anataka nguo ya rangi fulani, anataka kukumbukwa. Ni mazungumzo na mgeni asiyealikwa, na mji wa bandari umeishi kwa mazungumzo hayo karne na karne. Shekhe wangu atanuna, najua, na haki yake. Mimi nazungumzia sanaa. Mtunzi anayeyaacha yote hayo akashika kwato, wallahi, ni mvivu.

Ingekuwa uvivu tu ningenyamaza. Lakini hapa Pwani kuna watu wanaouawa kwa filamu iliyomo vichwani mwa majirani zao. Kilifi na Kwale wazee wamekatwa mapanga usiku kwa kusingiziwa uchawi. Ushahidi? Mvi. Macho mekundu ya miaka sitini ya moshi wa kuni. Mtoto wa jirani aliyeugua. Na nyuma ya tuhuma, mara nyingi mno, kuna shamba ambalo vijana wanaona mzee anachelewa kuliachia. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliowatoroka watoto wao wenyewe. Kuna mzee anayepaka nywele rangi nyeusi si kwa urembo, bali ili alale. Ile ya nywele nyeupe, msomaji, kwa Adeyemi ni riwaya. Kwetu ni habari za saa moja usiku.

Kwa hiyo mtunzi anapoweka bi kizee mwenye mvi gizani, muziki ukapanda, sote tukapiga mayowe, asiniambie ni burudani tu. Amechagua upande. Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia, alichagua mwingine mwaka 2017 katika I Am Not a Witch: binti mdogo anaitwa mchawi, anapelekwa kambini kwa wanawake waliofungwa utepe mweupe ati wasiruke. Unacheka, halafu kicheko kinakukwama kooni.

Nataka filamu ya kutisha ya Kilifi ambamo kamera iko ndani ya nyumba pamoja na mzee. Usiku. Nyayo nje. Anazitambua nyayo zile, maana ndiye aliyezifunza kutembea.

Na mengine yapo, ni sisi tu hatuyataki. Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi vilimaliza watu ndani ya kuta zile, mpaka Wareno wakaisha na ulinzi ukaangukia mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, Mswahili. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome mwaka 1697, na mabaki yake yangali majini. Unataka hofu gani tena? Watalii wanapiga picha juu ya mizinga, sisi tunatafuta kwato Nyali.

Ukitaka safari za angani, Katama Mkangi, mwana wa Pwani aliyetiwa kizuizini enzi za Moi, alitoa Walenisi mwaka 1995: Dzombo anafungiwa katika chombo, anarushwa angani akafe huko, anatua katika nchi ya watu walio sawa. Jina lenyewe likatamke polepole: wale-ni-sisi. Nangoja mtu aipeleke kwenye skrini.

Pesa? Pumzi ya Wanuri Kahiu, mwaka 2009, ni dakika ishirini na ushei, dunia imeishiwa maji, na bado inatajwa kote duniani. Kati Kati ya Mbithi Masya, mwaka 2016, iliweka ahera kwenye hoteli ya mbugani, watu wachache na bwawa la kuogelea, ikarudi na tuzo ya wahakiki kutoka Toronto. Pesa ni tatizo, sikatai. Lakini kwato nazo zinagharimu.

Ile ya Nolan, basi, Julai nitavuka daraja niende Nyali kuitazama. Ya jini wa kwato, hata mukinilipia tiketi na tuktuk ya kurudi, siji.