Majoka Haogopi Alama Ishirini

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne. Swali liliwataka watahiniwa waeleze maudhui ya ukatili wa utawala katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Msichana mmoja alitoa hoja mbili kuhusu kufungwa kwa Soko la Chapakazi, kisha akaandika kwamba kibanda cha mama yake kilibomolewa usiku na askari wa kaunti, bila notisi, na kwamba Sagamoyo ni kwao. Niliikata aya hiyo kwa kalamu nyekundu. Kando nikaandika: "Nje ya tamthilia." Nikampa sufuri.

Ninalikiri kosa hilo hadharani kwa sababu si langu peke yangu. Ndiyo desturi yetu. Tunawakabidhi vijana vitabu vinavyolia dhuluma, kisha tunawaamuru wahesabu tashbihi. Mwanafunzi anaweza kutaja sifa sita za Majoka, akaliweka dondoo katika muktadha wake kwa alama nne, akapata gredi ya A, na asijue bajeti ya kaunti yake hujadiliwa lini wala wapi. Wahenga walinena: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Sisi tunagawa nta, na juu yake tunatoa cheti.

Baadhi ya watumishi wa umma watanijibu kwamba shule si uwanja wa siasa. Nawauliza kwa heshima: ni nani aliyekiteua kitabu hicho? Ni serikali iliyokiidhinisha na kukitahini. Haiwezekani Tunu awe shujaa katika mwongozo wa kusahihisha, kisha anayemwiga aitwe mchochezi.

Watawala wenyewe hawajawahi kuidharau fasihi kama tunavyoidharau sisi walimu. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliupiga marufuku, ikamtia kizuizini Ngũgĩ wa Thiong'o bila kumshtaki, na mwaka 1982 jukwaa lao likabomolewa. Aprili 2025, ilibidi Mahakama Kuu iamuru ndipo wasichana wa Butere waruhusiwe kuigiza Echoes of War katika tamasha la kitaifa la drama mjini Nakuru. Walipofika waliimba wimbo wa taifa wakaondoka, wakilalamika kwamba wamenyimwa hadhira na vifaa vya jukwaani. Nje, polisi walirusha vitoza machozi. Hakuna anayerusha vitoza machozi kwa sababu ya tashbihi.

Wengi wa vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha ni wa rika lililotahiniwa Kigogo. Sidai kwamba kitabu ndicho kilichowatoa majumbani. Ugumu wa maisha ulitosha. Wengine hawakurudi kwao, na kwa ajili hiyo simwambii mwalimu yeyote awapeleke watoto wa wenyewe mbele ya bunduki. Ninaloomba ni jepesi zaidi, na pengine gumu zaidi kwetu sisi tuliozoea chaki.

Darasa likimaliza kusoma habari za Chapakazi, liende kwenye soko lililo karibu. Liwaulize wachuuzi wanalipa ushuru kiasi gani, na kama wanapata maji, vyoo na taa. Liombe takwimu za mapato kutoka kwa kaunti, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kisha wanafunzi waandike barua kwa bunge la kaunti. Barua rasmi imo katika silabasi. Kinachokosekana ni mtu wa kuandikiwa. Nawe mtumishi wa umma utakayeipokea barua hiyo, ijibu. Jibu lako litawafunza uraia kuliko mihadhara yangu yote.

Nasi watahini tufungue nafasi katika miongozo yetu kwa mwanafunzi anayekitoa kitabu nje ya jalada lake. Aya niliyoikata siku ile ndiyo pekee, katika rundo zima la karatasi, iliyoonyesha kwamba tamthilia ilikuwa imeeleweka. Ilistahili alama zote.