Chungu Hakikuja na Jahazi

Jumamosi iliyopita nilikwenda arusini hapa Mombasa. Mgeni wa heshima, badala ya kuwaombea maharusi dua akakaa, alishika maikrofoni akatusomesha historia. Ati mji huu waliuleta Waarabu, Wareno wakaujengea ngome, Waingereza wakautilia reli. Na sisi? Tulikuwa ufuoni tumetega madema, tukingoja kustaarabishwa. Watu wakapiga makofi! Pilau ilinikwama kooni, na ilikuwa pilau nzuri.

Mwaka 1976 mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba kwenye uwanja wa hospitali kuu ya Pwani, akafukua mabaki ya mji uliokuwa na watu miaka mia kadhaa kabla Vasco da Gama hajatia nanga mwaka 1498. Wanaolazwa pale wamelala juu ya Mvita, Mombasa ya kale. Na katika miji ya kale ya pwani hii, Shanga hadi Kilwa, kigae kinachojaa kwenye mashimo ni cha chungu. Si kaure wala bakuli la rangi. Chungu cha kupikia, cha udongo wa hapa hapa.

Sasa nielezeni, nyie mliopiga makofi: nani hupanda jahazi Hadhramaut amekumbatia chungu cha mchuzi? Mfanyabiashara huja na cha kuuza. Chungu hufinyangwa anakoishi mpishi, huungua hapo, huvunjika hapo, hutupwa uani hapo. Ukitaka kujua nyumba ni ya nani, usitazame kabati la sebuleni, ingia jikoni.

Jirani yangu wa meza akaniinamia: "Lakini mzee, si wamekuta na sahani za China?" Wamekuta, ndiyo. Basi mimi Mchina, maana chupa yangu ya chai imetoka huko, na kandambili, na hata tasbihi. Atakayechimba kwangu baada ya miaka mia tano ataandika kwamba mtaa wetu wa Tudor ulijengwa na watu wa Guangzhou!

Msafiri Ibn Battuta alifika hapa Mombasa mwaka 1331, akakuta watu wa dini na misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida akaja akauteketeza mji kwa moto. Aliteketeza nini, madema?

Lakini namlaumu mgeni wa heshima bure. Wenye ploti ndio wanaonichosha zaidi. Mtaani kwetu pamebomolewa nyumba ya chokaa na boriti ili paote ghorofa lisilo na pa kuegesha hata baiskeli, na maji taka yake yatapita mlangoni kwangu, nayajua. Walipochimba msingi nilichungulia: udongo mweusi, makombe, na vigae tele, kimoja kina masizi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua vitu vya kale atoe taarifa. Nikamwambia fundi. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. "Mzee, hivyo ni vyungu tu."

Vyungu tu! Nilikwenda kumtafuta mwenye ploti. Niliporudi alasiri, zege lilikuwa limeshamwagwa.