Usimkalishe, Usimkimbize: Mwendo wa Mama Mjamzito



Leo naongea na kina mama wajawazito, na waume zao, na sisi wachungaji. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna dada katika ushirika wetu aliyekuwa akifundisha watoto wa shule ya Jumapili. Aliposhika mimba nilimwita, nikamwambia kwa nia njema kabisa, "Dada, sasa pumzika. Usitembee tembea, kaa nyumbani umlinde huyo mtoto." Akatii, maana wengi wenu mkiambiwa na mchungaji mnatii. Wiki kadhaa baadaye mimi na mke wangu tulienda kumwona. Tulimkuta mgongo unamuuma, usingizi hapati, akipanda ngazi chache anahema, na moyo umejaa hofu. Kule kliniki nesi alikuwa amemuuliza ni nani alimkataza kutembea. Aliona haya kusema ni mchungaji wake. Mimba yake haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa neno langu.

Nilimwomba msamaha. Kisha nikarudi kwenye Neno, na Roho Mtakatifu akanisimamisha pale Mwanzo 33. Esau alikuja na wanaume 400, akataka waondoke pamoja na ndugu yake. Yakobo akamwambia hapana, bwana wangu. Watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, na ikiharakishwa hata siku moja itakufa. Wewe tangulia. Mimi nitakuja polepole, kwa mwendo wa hawa watoto.

Angalia vizuri, mpendwa. Yakobo hakusema, "Basi tukae hapa." Wala hakusema, "Wajikaze waende kama wanaume." Safari iliendelea. Kilichobadilika ni mwendo.

Hapo ndipo sisi watu wa kanisa tunakosea mara mbili. Kuna wanaomkalisha mama mjamzito, na kuna wanaomkimbiza.

Wanaomkalisha ni kama mimi nilivyokuwa. Tunaiona mimba kama yai mkononi. Lakini mimba si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mama mjamzito asiye na kizuizi cha kiafya apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Mazoezi hayo hupunguza hatari ya kisukari cha mimba, presha ya mimba, na kuongeza uzito kupita kiasi. Kwa mimba iliyo salama, hayasababishi mimba kuharibika. Kama hukuwa na mazoea, anza na dakika 10, uongeze kidogo kidogo.

Na mazoezi si lazima uende jim. Kutembea kwa miguu kunatosha. Kufagia, kwenda sokoni bila mzigo mzito, kucheza polepole kwenye sifa, hayo yote ni mwendo. Utajuaje kama umefika kiwango kizuri? Ukiwa unatembea, unapaswa kuweza kuzungumza na mwenzako, lakini pumzi isitoshe kuimba pambio. Ukishindwa hata kuzungumza, umezidisha. Punguza.

Sasa nawageukia wanaomkimbiza. Ndugu, nimewahi kumsikia mume, mke wake akipanda mlima na mtungi wa lita 20 mgongoni, tumbo liko mbele, naye amekaa mlangoni akisema, "Hayo ndiyo mazoezi yake." Hapana. Mazoezi mama anaweza kuyaacha akichoka. Ule mtungi hawezi kuutua, kwa sababu nyumbani hakuna maji. Wakati wa mimba viungo hulegea na tumbo hubadilisha mizani ya mwili, kwa hivyo mgongo unaumia haraka na kuteleza ni rahisi. Mzigo mzito si mazoezi. Chota maji wewe, mzee. Mikono yako haijatungwa mimba.

Na sisi kanisani tunakimbiza pia. Tunamwambia mama wa miezi minane aruke kama vijana kwenye sifa, hema limejaa na jua limewaka. Tunamtangazia mfungo wa siku tatu bila chakula wala maji, halafu tunashangaa akizirai kwenye kesha. Mjamzito asifanye mazoezi akiwa na njaa au kiu, wala kwenye joto kali. Dada, kunywa maji. Ukichoka, keti umsifu Bwana ukiwa umeketi. Mbinguni hakuna anayehesabu umeruka mara ngapi.

Mambo mengine ya kushika: baada ya miezi mitatu ya kwanza, acha mazoezi ya kulala chali, maana tumbo la uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Epuka michezo ya kugongana na mahali pa kuanguka. Na mwombe nesi akufundishe kukaza misuli ya nyonga. Kina mama wengi huvuja mkojo wakikohoa au wakicheka, na wanaona aibu kusema. Mazoezi hayo husaidia.

Hata hivyo, si kila mama aanze kesho asubuhi. Kama umewahi kutokwa na damu katika mimba hii, kama una presha ya mimba, ugonjwa wa moyo, upungufu mkubwa wa damu, kama umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, au umeshonwa mlango wa kizazi, usianze lolote kabla daktari hajakuruhusu. Huyo Mungu amempa mwendo mwingine, na kupumzika kwake ni utii. Kwa hivyo enda kliniki na kitabu chako, uulize wazi: "Nifanye mazoezi gani?" Usiniulize mimi. Mimi nimesomea Neno, sikusomea ukunga.

Na hapa nataka mnisikie vizuri kuliko mahali pengine popote. Ukiona damu, maji yakivuja, tumbo likikaza kwa uchungu unaokuja na kurudi, kifua kikiuma, kizunguzungu, kichwa kikigonga sana, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mtoto akipunguza kucheza, simama hapo hapo. Usingoje Jumapili. Usingoje niweke mikono. Usikae nyumbani ukikemea huku damu inatoka. Panda gari uende hospitali, na unipigie simu ukiwa njiani. Nitaomba wewe ukiwa mikononi mwa daktari. Kwenda hospitali si kukosa imani. Shifra na Pua walikuwa wakunga, na Mungu aliwatendea mema kwa kazi yao.

Najua wengine mtasema, "Mchungaji, mbona mama zetu walilima hadi siku ya kujifungua na hawakufa?" Mpendwa, wale unaowaona leo ndio walionusurika. Wasionusurika hawapo kutusimulia. Tuchukue kwa mama zetu nguvu ya kutembea, tusichukue mzigo uliowavunja.

Mariamu, mimba ikiwa changa, alitoka Nazareti akaenda hadi milima ya Yudea kwa Elisabeti, safari ya zaidi ya kilomita 100. Baadaye, mimba ikiwa kubwa, alikwenda Bethlehemu pamoja na Yusufu. Punda tunayemwona kwenye picha za Krismasi hatajwi popote katika Luka. Anayetajwa ni mume.

Kwa hivyo, mume, kazi yako ya wiki hii ni hii. Jioni ukitoka kazini, weka simu chini, chukua mtungi wewe, kisha umshike mkeo mkono mtembee dakika 20. Usimtangulie kama Esau. Tembea kwa mwendo wake. Yule dada niliyemkosea sasa anatembea kila jioni na mumewe, baada ya nesi kumruhusu. Anasema mgongo umepoa, na wameanza kuongea tena kama wachumba.

Tuombe: Baba, mlinde kila mama aliyebeba mimba anayesoma ujumbe huu. Mpe nguvu za kutembea, hekima ya kupumzika, na mume wa kumsindikiza. Utusamehe wachungaji tuliosema mahali ambapo tungeuliza. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha umtumie baba mtarajiwa mmoja.