Wa Mwisho Naye Amefika

Siku moja tulishiriki mbio za barabarani hapa Baraka. Tulitoka ufukoni mwa ziwa kwa kasi ya kujionyesha, tukiwapita vijana, wala hatukukumbuka kwamba njia ya Fizi hupanda milima. Huko kilimani pumzi zikatuishia. Hata watoto wa shule wakatupita. Tukaona haya, tukataka kujificha migombani. Mama mmoja aliyebeba mihogo akatuambia, “Baba, mbona wasimama? Nyumbani kwako si hapa!”

Ndipo tulipomkumbuka John Stephen Akhwari wa Tanzania. Katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, Oktoba 1968, alianguka akaumia goti. Walioanza walikuwa 75. Yeye alifika wa 57, wa mwisho, akichechemea, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kumi na wanane hawakufika kabisa.

Basi tukajikokota, tukamaliza. Zawadi hatukupata, ila somo tulilipata. Enyi wanafunzi, aanzaye kwa majivuno huchoka njiani. Lakini aliyechoka asione haya kufika.