Si Kila Chombo ni Jahazi

Nimechoka na majahazi ya karatasi. Hadithi za Pwani ninazosoma siku hizi zimejaa majahazi: wavuvi wawili wanatoka na jahazi alfajiri, ukurasa unaofuata chombo hichohicho ni ngalawa, na kabla sura haijaisha kimekuwa dau. Ukimuuliza mwandishi, anakujibu: "Si vyote vina tanga, bwana?"

Vina tanga, ndiyo. Lakini nenda Mwera, kusini ya mto Pangani, uteremke hadi ufukwe wa Ushongo ukaangalie. Ngalawa ni gogo moja lililochongwa, jembamba, lenye matengo mawili ya kulizuia lisipinduke. Ni nyepesi, inapita juu ya mwamba maji yakiwa haba, na watu wachache wanaivuta hadi mchangani. Mashua imejengwa kwa mbao na misumari juu ya mkuku na mataruma, tezi yake imekatwa bapa; ikiwa haina shehena hutiwa farumi ili itulie. Dau la asili limechongoka omo na tezi. Jahazi ndilo kubwa lao, la mizigo na safari ndefu, lenye nahodha na mabaharia wake.

Kila umbo lina uendeshaji wake, na hapo ndipo hadithi ilipo. Kwenye ngalawa, upepo ukikaza, mtu mmoja hutoka nje akakalia mti wa tengo upande wa joshini, miguu ikilambwa na mawimbi. Kwenye jahazi, kugeuza ni kazi ya kikosi kizima: foromali lazima lihamishwe kupitia mbele ya mlingoti, na anayechelewa na kamba anawaponza wote. Sasa wale wavuvi wako wawili wanaligeuzaje?

Tunasema dau la mnyonge haliendi joshi. Shuleni tulifundishwa kuwa maana yake ni maskini hapati haki. Sawa, lakini kwa nini dau, na kwa nini joshi? Kwa sababu kupanda kuelekea upepo unakotoka kunataka tanga lililokazwa, kamba nzima na mikono ya kutosha. Mnyonge ana tanga lenye viraka na mwanawe mdogo. Aliyetunga methali hii aliijua bahari kwanza, ndipo akapata falsafa.

Najua utetezi: msomaji wa Dodoma hajui foromali. Basi mwonyeshe mtu akiivuta, ataijua! Mbona hakuna anayethubutu kuandika kwamba bodaboda ilibeba abiria arobaini, kisha aya inayofuata akaiita lori? Barabara tunaiheshimu. Bahari tumeifanya pambo.

Wenzangu, hili si suala la msamiati tu. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja, na leo haupo tena baharini. Tunaoujua tunaujua kwa sababu wapo waliouchora, waliotengeneza mifano yake na waliouandika. Sasa boti za faiba na injini zinaongezeka, na kijana hana sababu ya kujua demani ni kamba gani. Simlaumu, anatafuta riziki. Ninayemlaumu ni mwandishi anayejiita mtoto wa Pwani na hajawahi kumuuliza fundi swali moja.

Mafundi bado wapo. Kabla hujatuma mswada wako, mpelekee mmoja ukurasa wa bahari, umsomee kwa sauti. Akicheka pasipo na kichekesho, andika upya.