Tuwashushe Watoto Kibwezi

Likizo zifikapo, mzazi wa Mombasa mwenye uwezo huwapandisha watoto treni mpaka Nairobi. Makueni yote hupitwa dirishani, watoto wamelala. Hii ni hasara.

Treni isimamayo njiani hushusha abiria Kibwezi, na kutoka hapo barabara ya lami yafika Kitui kupitia Mutomo. Karibu na mji wa Kitui liko jabali la Nzambani, lenye ngazi za chuma. Wenyeji husimulia kwamba alizungukaye mara saba hugeuka: mume akawa mke, mke akawa mume. Watoto watacheka, nasi tuwaambie ni hadithi tu.

Kisha tuwape la kweli. Kutoka nchi hii misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu kabla ya reli. Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui, alimkaribisha kwake Krapf, mmishenari wa Rabai, ambaye aliuona Mlima Kenya kutoka huko tarehe 3 Desemba 1849.

Mtoto asiyeyajua haya humwona Mkamba wa Mombasa kuwa mgeni wa jana. Ujirani hufundishwa kwa kutembeleana. Wazazi, likizo ijayo tushukeni Kibwezi.